Ba be bi bo bu na ubishi wa walimu wa darasa la kwanza

Ingia ofisi ya walimu ya shule yoyote ya msingi Tanzania saa ya chai, uulize kama mtoto afundishwe kusoma kwa sauti za herufi au kwa silabi. Makundi mawili yatajitokeza papo hapo. Waliosomea ualimu zamani watakwambia wao wenyewe walifundishwa ba be bi bo bu, na mbona wanasoma. Waliopitia mafunzo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) tangu mtaala wa darasa la I na la II ulipobadilishwa mwaka 2015 watakujibu kwamba silabi ni kukaririsha tu, mtoto aanze na sauti ya herufi moja moja. Kila upande una watoto wa kutolea mfano. Kila upande pia una watoto waliofika darasa la tatu hawajui kusoma, ila hao hawatajwi wakati wa chai.

Wanaotetea silabi wana hoja nzito kuliko wanavyojua kuieleza. Kiswahili kinakwenda kwa silabi, na karibu zote zinaishia na irabu. Ukitaka kuitamka b peke yake hutaweza. Lazima uivishe irabu, itoke ba au bu. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili anapogawa neno kwa kupiga makofi, ka-la-mu, anapiga mara tatu bila kufundishwa na mtu. Hapo ndipo sikio lake lilipo, na ni upotevu kulazimisha njia iliyotungwa kwa lugha ambazo silabi zake zimejaa konsonanti mwanzo na mwisho.

Lakini hesabu nayo iangaliwe. Ukiacha kh, ambayo ni ya maneno machache, Kiswahili kina konsonanti 25, pamoja na zile zinazoandikwa kwa herufi mbili kama ch, dh, gh, ny, sh, th na ng'. Zidisha kwa irabu tano unapata silabi 125. Ongeza irabu zenyewe, 130. Bado hujagusa mba, nda, nje, kwa, bwa na mwa. Mtoto anayepewa kila silabi kama picha moja ya kukumbuka ana picha 130 za kubeba kichwani. Anayejua sauti ana vitu 30 tu, na mengine anayajenga mwenyewe. Hiyo ndiyo hoja ya watu wa sauti, na haina jibu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtoto asome kwa silabi, lakini silabi aijenge yeye kutokana na sauti mbili, asikabidhiwe ikiwa nzima. Ugumu uko kwenye namna ya kuijenga, na hapo walimu wa pande zote mbili wanakosea.

Kosa la kwanza ni la jina la herufi. Mwalimu anaandika b ubaoni, anasema "be". Anaandika a, anasema "a". Anauliza: "Be na a, tunapata nini?" Mtoto mwaminifu anajibu "bea", na amejibu sawasawa kabisa kwa alichopewa. Mwalimu anasema hapana, ni "ba", darasa zima linaitikia "baaa", somo linaendelea. Hakuna aliyefundishwa kuunganisha. Wamefundishwa kwamba mwalimu ana jibu la siri. Aliyehudhuria mafunzo ataacha "be", atatumia "bu", na atavuna "bua". Tatizo ni lile lile.

Dawa ni kuanza na konsonanti zinazoweza kuvutwa bila irabu: m, n, l, s. Mwalimu anaweka kidole chini ya m na kuvuta "mmmm" bila kukata pumzi, kidole kinasogea hadi a, sauti inateleza yenyewe kuwa "mmmaa". Mtoto anasikia muungano ukitokea. Akishazoea hapo ndipo aletewe zile za kukatika kama b, t, k na p. Hizi hazivutiki, kwa hiyo fundisha mdomo: fungeni midomo kama mnaotaka kusema ba, msitoe sauti, subirini kidole kifike kwenye a. Darasa la watoto wa miaka sita hulipenda zoezi hili kwa sababu linafanana na mchezo. Siku mbili tatu zinatosha, wala huhitaji kifaa.

Kosa la pili ni la kusoma mlalo. Ubao una ma me mi mo mu, chini yake ka ke ki ko ku, chini yake la le li lo lu, kisha ta te ti to tu. Darasa linasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kila siku, kwa mahadhi yale yale. Baada ya wiki mtoto haangalii tena herufi; anajua wimbo ni a-e-i-o-u na konsonanti ya mwanzo ndiyo inayobadilika. Mgeni akiingia darasani atashangilia. Gusa mo peke yake, uone mtoto anavyohesabu kimoyomoyo kuanzia ma hadi aifikie. Soma jedwali lilelile kwenda chini, ma ka la ta, kisha mkasi, yaani kwa mshazari, kisha kwa kuruka, na wimbo unavunjika. Jedwali la silabi halina dosari. Lililoharibu ni kusomwa upande mmoja.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama darasa linasoma au linaimba. Andika maneno matatu yasiyo na maana, yenye herufi walizokwisha kujifunza tu: melu, lukame, tokila. Anayesoma atayasoma. Anayekariri atakutazama, au atakutajia neno analolijua linalofanana. Vipimo vya kitaifa na kimataifa vya kusoma madarasa ya awali vina kipengele cha namna hii, na walimu wengi hukiona ni uonevu: mtoto asomeshwe upuuzi wa nini? Ndiyo maana yake. Neno lenye maana linaweza kubahatishwa.

Jambo la tatu halizungumzwi hata kidogo, nalo kwangu ni zito kuliko mawili hayo: mpangilio wa herufi. Wapo wanaofuata alfabeti baada ya irabu, b, ch, d, f, g, kwa sababu ndivyo ilivyo ukutani. Matokeo yake mtoto anamaliza wiki kadhaa ana baba, bibi, babu, dada, dudu, chui na buibui. Ni nomino tupu. Hana hata sentensi moja, kwa kuwa viambishi vya wakati vya Kiswahili ni -na-, -li-, -me- na -ta-, na konsonanti zake zote ziko mbali huko mbele kwenye alfabeti. Anza na m, k, l na t baada ya irabu, uone: mama amelala, kaka atakula, kuku alilala, kalamu, kiatu, meli, kiti. Kwa konsonanti nne mtoto anasoma habari yenye mtendaji, tendo na wakati. Ongeza n na w, anapata ninakula, wanalima, wametuita. Mtoto anayesoma sentensi yenye maana katika mwezi wa kwanza anajua kusoma ni kwa ajili gani. Wa dudu na buibui anadhani ni adhabu ya shule.

Halafu kuna ile m isiyo na irabu. Hapa watoto wa silabi tupu hukwama vibaya. Wamefundishwa kila konsonanti ina irabu yake, sasa wanakutana na mtu, mti, mkate. Wanasoma "mutu", na mwalimu wa Kenya, Tanzania au mashariki ya Kongo anafahamu kwamba kwa baadhi ya watoto hiyo "mutu" inasaidiwa na lugha ya nyumbani. Suluhisho ni kuifundisha m hiyo kama silabi kamili, yenye kofi lake: m-tu makofi mawili, m-ka-te makofi matatu. Kisha tofauti yake na m ya mbuzi, ambayo imeshikana na b, mbu-zi. Mtego uko kwenye maneno mafupi: mbu ni m-bu, mbwa ni m-bwa, nchi ni n-chi, kwa sababu Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likiwa fupi hivyo nazali, yaani ile m au n ya mwanzo, ndiyo inayobeba mkazo. Mtoto haambiwi nadharia hiyo. Anapigishwa makofi tu, mbu mara mbili, mbuzi mara mbili, na sikio linamaliza kazi. Ila mwalimu asipoijua atasahihisha kilicho sahihi.

Nani anajua hayo yote yamekaa au hayakukaa? Imla ndiyo inayosema. Taja maneno mbuzi na kalamu, kusanya madaftari, utakuta majibu ya aina nne. Aliyeandika "buzi" hasikii nazali kabla ya konsonanti. Mrudishe kwenye masikio, si kwenye mwandiko. Aliyeandika "mubuzi" anaipa kila konsonanti irabu. Aliyeandika "mbusi" huenda nyumbani kwao z na s hazitofautiani, au mwalimu mwenyewe hakuitamka z vizuri. Na yule aliyeandika "kalamu" ikawa "klmu" ndiye mwenye funzo kubwa: ameambiwa k inaitwa "ka", kwa hiyo k peke yake kwake tayari ni ka, a ya nini tena? Huyo si mzembe. Ameshika hasa kile alichofundishwa, kwamba herufi ina jina la silabi.

Imla ya maneno manne kila siku inamweleza mwalimu mambo ambayo kurasa ishirini za kunakili ubaoni hazitamweleza. Mbona basi madaftari ya darasa la kwanza yamejaa kunakili? Kwa sababu ya ukaguzi. Mthibiti ubora wa shule akija, au mwalimu mkuu akipitia, kinachohesabika kwa urahisi ni idadi ya mazoezi na tiki. Kunakili kunazaa tiki nyingi kwa muda mfupi. Darasa la watoto 120, sekunde 20 kwa daftari, ni dakika 40 za kusahihisha somo moja. Imla inataka mwalimu asome kila kosa, na muda huo unaongezeka mara mbili au zaidi. Mwalimu anachagua kinachomwezesha kurudi nyumbani kabla ya giza, na simlaumu. Njia ya kati ipo. Imla ifanywe na wote, isahihishwe ya madawati manane tu kila siku, kwa zamu. Kwa watoto watatu kwa dawati hao ni 24, na ndani ya siku tano za wiki darasa zima la 120 limeonwa. Mkaguzi aelezwe utaratibu huo mapema, uandikwe hata kwenye jalada la ndani la daftari, kuliko kujieleza kwa kigugumizi siku ya siku.

Namba hiyo 120 sijaitia chumvi. Kiwango rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 walimu wa madarasa ya awali wanajua kilichotokea kwenye uandikishaji, na vyumba havikuongezeka kwa kasi ile. Kipindi cha darasa la I na II ni dakika 30. Ukitaka kila mtoto wa darasa hilo asimame asome peke yake, unampa sekunde 15, na kipindi kimeisha bila salamu wala kufuta ubao. Ndiyo sababu ya kiitikio: watoto 120 wakisoma pamoja inaonekana wote wamesoma. Kusikiliza kwa makini kutakuonyesha kwamba wanaosoma ni kumi wa mbele, wengine wanafuata nusu sekunde nyuma yao.

Hapa ndipo andalio la somo linapodanganya. Hatua zimeandikwa vizuri, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakuri, na safu ya shughuli za mwanafunzi inasema "kusoma silabi". Mwanafunzi yupi? Kwa muda gani? Mgawo unaowezekana wa zile dakika 30 ni huu. Dakika 3 za marudio kwa kadi, bila mpangilio. Dakika 5 za sauti mpya, kwa sikio kwanza: taja maneno kumi, wanyooshe mkono wanaposikia l mwanzoni, ndipo herufi iandikwe. Dakika 7 za kuunganisha ubaoni, mlalo, chini na mkasi. Dakika 10 za kusoma dawatini. Dakika 5 za imla.

Zile 10 za dawatini ndizo moyo wa somo na ndizo zinazokatwa kwanza muda ukibana. Dawati lina watoto watatu: mmoja anasoma, mmoja anaonyesha kwa kidole, mmoja anasikiliza, wanabadilishana kila baada ya dakika tatu. Kila mtoto anapata dakika tatu za kusoma kwa mdomo wake badala ya sekunde 15. Kinachoharibika kinajulikana: anayejua anasoma zamu zote tatu huku wenzake wakitikisa kichwa. Weka sheria moja, kwamba anayejua ana kidole tu, mdomo ni wa mwenzake. Wakati huo mwalimu anapitia madawati manne, watoto 12, nusu dakika kila mmoja, ni dakika sita. Kwa siku kumi za shule amemsikia kila mtoto. Anaandika kwenye ukurasa wenye majina na safu nne, sauti, silabi, maneno, sentensi, na katika safu anaweka tarehe mtoto alipovuka. Tarehe inamwonyesha aliyekwama wiki sita kwenye silabi, tiki haimwonyeshi.

Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akipita barazani atadhani darasa limemshinda mwalimu wake, na hili si dogo, kwani shule nyingi bado zinapima mwalimu bora kwa ukimya wa chumba chake. Mwambie mapema.

Kadi hazihitaji fungu la fedha. Manila moja kubwa ukiikata vipande vya sentimita 10 kwa 7 inatoa kadi 64. Vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa makapeni vinafaa zaidi kwa kujenga maneno dawatini, maana havichaniki wala havipeperuki. Andika konsonanti kwa rangi moja na irabu kwa nyingine, na irabu ziwe nyingi, hasa a, ambayo huisha kwanza kila mara.

Suala la matamshi ya mwalimu linaumiza watu, nalo lisemwe. Darasa linaandika "alafu" kwa sababu mwalimu hatamki h ya halafu. Linaandika "zambi" kwa dhambi na "gali" kwa ghali. Mwalimu anayesema "samani" akimaanisha thamani amewapa watoto neno jingine kabisa, la viti na meza, na imla yao itakuwa sahihi kwa walichosikia. Mwenye shida ya l na r hawezi kuiacha lafudhi yake mlangoni, lakini anaweza kubadilishana kipindi kimoja na mwenzake wa mkondo wa pili siku ya herufi hizo. Vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) shuleni vingekuwa mahali pazuri pa kupangia mambo madogo kama hayo, badala ya kusomeana moduli kurasa kwa kurasa.

Mzigo mpya umeongezeka. Mtaala wa 2015 ulikuwa umekiondoa Kiingereza darasa la I na la II ili KKK ipumue. Ulioanza kutumika Januari 2024 umekirudisha tangu darasa la kwanza. Mtoto anayejifunza kwamba i ni ile ya kiti, siku zote, bila ubaguzi, wiki hiyohiyo anaonyeshwa i ambayo mara ni i na mara ni ai. Sipingi Kiingereza. Napinga kukiandika ubaoni kabla silabi za Kiswahili hazijakaa. Muhula wa kwanza wote kiwe cha kusikia na kusema, nyimbo, maagizo na majina ya vitu, chaki isubiri.

Kisha mgawo wa vipindi. Mwalimu wa taaluma akipanga ratiba Januari, walimu hodari wanapelekwa darasa la saba kwa ajili ya mtihani wa taifa, na darasa la kwanza linaangukia anayekaribia kustaafu, mgeni ambaye hajui kukataa, au aliyekosana na uongozi. Halafu huyo mmoja anakaa na watoto 120 tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, masomo yote, bila kipindi kimoja cha kusahihishia. Darasa la saba linaloandaliwa kwa jasho hilo lote limejaa watoto waliokwama kwenye mkate na mbuzi miaka sita nyuma, na sasa wanafundishwa namna ya kuchagua jibu kati ya A na E. Shule yenye walimu wanane inaweza kuweka wawili darasa la kwanza kwa vipindi vya Kusoma tu, mmoja akiwa ubaoni na mwingine madawatini, bila kuajiri mtu wala kuomba kibali. Nafasi ya kuliweka hilo ni kikao cha kwanza cha Januari, kabla ratiba haijabandikwa ukutani.